Aliyeshuka Kuzimu kwa Ajili ya Mchumba: Visasili vya Kale na Hadithi za Mapenzi za Siku Hizi

UTANGULIZI

Katika darasa moja la kipaimara, kwenye usharika ulio nje kidogo ya mji wa Dodoma, tulikuwa tumefika katika Imani ya Mitume, penye maneno yanayokiri kwamba Kristo alishuka kuzimu. Tuliuliza kama yupo anayejua habari ya mwingine aliyekwenda huko. Binti mmoja alijibu kwamba anamfahamu msichana aliyechukuliwa na mfalme wa kuzimu akawa malkia wake. Alikuwa ameiona hadithi hiyo, kwa michoro, katika simu ya dada yake anayesoma chuo. Tulipomwuliza kama msichana yule alikubali kwenda, alifikiri kidogo, kisha akasema: "Alimpenda, Mchungaji. Ndiyo maana akamchukua."

Jibu hilo limetuandama tangu siku ile. Katika nyanda hizi za kati sisi tunaowabariki maarusi na kusikiliza mashauri ya ndoa tunajua kwamba neno "kuchukuliwa" lina uzito wake. Wapo mabinti waliochukuliwa, na wapo wazazi waliopokea mifugo na kunyamaza.

Makala haya yanakusudia kuchunguza ni nini hutokea kisasili cha kale kinapogeuzwa kuwa hadithi ya mapenzi. Hatuandiki ili kuwakataza vijana kusoma. Tunataka kuonyesha, kwa njia ya historia, kwamba mapenzi yanapoingizwa katika kisasili yanaweza kufanya kazi mbili zinazopingana: yanaweza kuufunika udhalimu, na yanaweza kuufunua. Mchungaji asiyeweza kuzitofautisha kazi hizo atakemea pasipostahili kukemewa, au atanyamaza pale alipopaswa kusema.

MIUNGU YA WAYUNANI NA MSOMAJI WA BIBLIA

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili si mgeni kabisa kwa miungu ya Wayunani. Katika Matendo ya Mitume sura ya 14, watu wa Listra walimdhania Barnaba kuwa Zeu na Paulo kuwa Herme. Katika sura ya 19, mji wa Efeso ulijaa ghasia kwa ajili ya Artemi. Hata neno "kuzimu" katika Agano Jipya letu husimama mahali pa neno la Kiyunani "hades", na Hades ni jina la mungu yule yule anayemteka msichana katika hadithi aliyotusimulia binti wa kipaimara.

Kwa kizazi kilichotutangulia, visasili hivyo vilikuja katika Kiswahili kwa mlango wa huzuni. Samuel Mushi alitafsiri tamthilia ya Sophocles kwa jina la *Mfalme Edipode*, ikachapishwa mwaka 1971. Vijana wa leo wanaingia kwa mlango mwingine. Riwaya ya Madeline Miller, *The Song of Achilles*, iliyotoka mwaka 2011 na kupata tuzo ya Orange mwaka 2012, inasimulia vita vya Troya kama habari ya mapenzi ya Achilles na Patroclus. Mchoraji Rachel Smythe wa New Zealand alianza mwaka 2018 kutoa hadithi ya michoro iitwayo *Lore Olympus*, akaimaliza mwaka 2024. Humo Hades na Persephone ni wapenzi. Kazi za namna hii zimekuwa nyingi, na kwa kuwa husomwa katika simu, hazihitaji duka la vitabu ili zifike Dodoma.

KUTOKA KILIO HADI MAPENZI

Habari ya Persephone katika umbo lake la zamani tunayo katika utenzi wa Kiyunani wa kumsifu Demeter, ambao wataalamu huuweka karibu na karne ya 7 au ya 6 kabla ya Kristo. Msichana alikuwa akichuma maua pamoja na wenzake. Zeu, baba yake, alikuwa amekwisha kumtoa kwa Hades bila mama kujua. Nchi ikapasuka, Hades akatokea na gari lake, akamnyakua binti akilia na kumwita baba yule yule aliyemtoa. Mama yake, Demeter, mlinzi wa nafaka, alizunguka siku tisa na mienge mikononi bila kula wala kunywa. Alipoujua ukweli alizizuia mbegu zisiote, hata wanadamu wakakaribia kufa kwa njaa. Ndipo Zeu alipolazimika kumrudisha msichana. Lakini kwa sababu alikuwa amelishwa punje ya komamanga kule chini, ilimpasa kukaa huko theluthi moja ya kila mwaka.

Msomaji wa nyanda za kati hahitaji mfasiri wa kumweleza hofu iliyomo humo. Mvua za hapa ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, nazo kwa mwaka hazizidi sana milimita 500 au 600. Mbegu iliyokaa ardhini bila kuota si fumbo kwetu. Katika utenzi ule, njaa ni hukumu juu ya baba aliyemtoa mwanawe bila kumwuliza yeye wala mama yake.

Mapenzi yaliingia mapema. Mshairi Ovidius wa Rumi, karibu na mwaka wa 8 baada ya Kristo, alisimulia kwamba Venus, mungu wa mapenzi, aliona kuzimu bado hakujawa chini ya milki yake, akamwagiza mwanawe Cupid ampige mshale mfalme wa huko. Hivyo kosa la mnyakuzi likapata udhuru: alipigwa na mapenzi. Hata hivyo Ovidius hakuiziba kabisa sauti ya kupinga. Alimweka njiani Cyane, jini wa chemchemi, aliyejaribu kulizuia gari na kumwambia mfalme kwamba binti huyu alipaswa kuombwa, si kunyakuliwa. Hakusikilizwa. Kwa huzuni aliyeyuka akawa maji ya chemchemi yake mwenyewe.

Hadithi za siku zetu zimekwenda mbali zaidi. Katika *Lore Olympus* Persephone anampenda Hades kwa hiari yake. Ni haki tuseme kwamba mwandishi hakulikimbia suala la ubakaji. Amelionyesha wazi kuwa uovu, ila amelihamishia kwa mungu mwingine, Apollo. Kumpa msichana hiari yake ni jambo jema. Lakini tazama yaliyompata mama. Yule aliyezunguka siku tisa akimtafuta mwanawe amekuwa mama mkali anayembana binti asikue. Ili mnyakuzi apendeze, aliyelia amelazimika kuonekana msumbufu. Hapo ndipo mapenzi yanapofanya kazi ya kufunika.

MABABA WA KANISA MBELE YA HADITHI HIZO

Swali hili si geni kwa Kanisa. Justin Mfia-dini, aliyeandika utetezi wake kwa kaisari katikati ya karne ya 2, aliwauliza wapagani iwapo miungu waliyoiabudu, yenye kuzini na kuteka, inaweza kuwa kielelezo chema kwa vijana. Augustino, mwana wa Afrika ya Kaskazini, aliligusa jambo hili kwa uchungu wa nafsi yake. Katika kitabu cha kwanza cha *Maungamo* anakumbuka jinsi alivyomlilia Dido, malkia aliyejiua kwa mapenzi katika shairi la Virgilius, huku akiwa hailii roho yake mwenyewe iliyokuwa mbali na Mungu. Anataja pia mfano kutoka mchezo wa Terentius: kijana anaitazama picha ya Jupiter akimwendea Danae, naye anapata ujasiri wa kutenda uovu, maana ikiwa mungu alifanya, yeye mtu ni nani hata asifanye? Augustino aliona barabara kwamba hadithi ya mapenzi ya miungu humpa msomaji ruhusa ya kutenda.

Wengine walichukua njia ya pili. Basili wa Kaisaria, aliyefariki mwaka 379, aliwaandikia vijana kwamba wavisome vitabu vya Wayunani kama nyuki atembeleavyo maua: hayaendei yote, wala hachukui yote yaliyomo. Mfano huo unafaa sana katika nchi ya Wagogo, ambako mizinga hutundikwa mitini na mrina asali hujua kwamba yapo ya kuchukua na yapo ya kuacha.

Martin Luther naye alifuata njia hiyo. Alipoingia utawani Erfurt mwaka 1505 alichukua vitabu vya Virgilius na Plautus. Mwaka 1530, akiwa amekaa katika ngome ya Coburg wakati wa Baraza la Augsburg, alianza kutafsiri hadithi za Esopo kwa ajili ya watu wa kawaida. Basi, Mlutheri hana sababu ya kuichoma hadithi ya kale, ingawa anayo sababu ya kuipima.

WANJIRU NA OGANDA: VISASILI VYETU

Tusidhani kwamba Afrika Mashariki inangoja kuletewa hadithi hizi kwa simu. Tunavyo visasili vyetu vinavyolingana nazo, na kimoja kilichapishwa mwaka 1910 katika kitabu cha William na Katherine Routledge kuhusu Wakikuyu.

Mvua ilikosekana miaka mitatu. Mganga akasema msichana aitwaye Wanjiru anunuliwe. Kila mtu akaleta mbuzi, mbuzi wakapewa jamaa za msichana. Wanjiru akasimama katikati ya watu akaanza kuzama ardhini: magotini, kiunoni, kifuani, shingoni. Kila alipozama alilia kwamba jamaa zake wamempoteza. Kila ndugu aliyetaka kwenda kumwokoa alipewa mbuzi, akatulia. Mvua kubwa ikanyesha, Wanjiru akatoweka. Ndipo kijana mmoja shujaa aliyempenda alipochukua ngao na mkuki, akasimama mahali pale jioni, naye akazama. Alifuata njia ndefu chini ya ardhi hata akamkuta, akambeba mgongoni, akapanda naye usiku. Alimficha nyumbani kwa mama yake, akalishwa na kuvikwa hata nguvu zikamrudia. Jamaa zake walipomwona katika ngoma, kijana aliwafukuza kwanza, kwa kuwa walikuwa wamemwuza. Baadaye moyo wake ulilainika, akalipa mahari.

Kisasili hiki kinatufundisha mambo mawili. La kwanza, mapenzi hayakubandikwa juu yake na mwandishi wa kisasa. Yalikuwemo tangu hapo, midomoni mwa bibi zetu. La pili, mapenzi humo hayamsafishi mwenye kosa. Orpheus wa Wayunani alishuka kuzimu akamkosa mkewe kwa sababu aligeuka kumtazama. Shujaa wa Wanjiru alimleta mchumba wake hadi juu, na kuja kwake kukawa ndiyo aibu ya wale waliopokea mbuzi.

Grace Ogot, mwandishi wa Kenya aliyezaliwa mwaka 1930 na kufariki mwaka 2015, aliliendeleza jambo hili katika hadithi fupi *The Rain Came*, iliyomo katika kitabu chake *Land Without Thunder* cha mwaka 1968. Hapa tupo kwa Wajaluo. Chifu Labong'o anaambiwa na mganga wa mvua, Ndithi, kwamba binti yake wa pekee, Oganda, lazima atolewe kwa mnyama mkubwa wa ziwani ili mvua inyeshe. Oganda anapoona wazee wakikutana anadhani wanazungumza habari za ndoa yake. Watu wanamwimbia na kumsifu, kisha anatembea peke yake kuelekea ziwani. Ukingoni kabisa anatokea Osinda, mpenzi wake, akiwa amejifunika majani. Wanakimbia pamoja, na wakiwa katika kukimbia mvua inashuka.

Linganisha miisho hiyo miwili. Wanjiru alizama, mvua ikanyesha; Oganda aliponyoka, mvua ikanyesha. Kwa Ogot, mbingu hazikungoja damu ya msichana. Kumbe wazee walikosea, na chifu alikuwa tayari kumpoteza mwanawe bure. Mapenzi ya Osinda ndiyo yaliyoufunua udhalimu uliokuwa umevikwa joho la ibada. Mwanatheolojia atakumbuka mara moja binti wa Yeftha katika Waamuzi sura ya 11, ambaye Biblia haikututajia jina lake, na ambaye hakuna Osinda aliyetokea njiani kumwokoa. Kilichobaki kwake ni binti za Israeli waliokwenda kumwombolezea siku nne kila mwaka.

MTUNYA: KISASILI KILICHOKUWA HISTORIA

Pengine msomaji atasema kwamba hizo ni hadithi za Wakikuyu na Wajaluo, nasi wa nyanda za kati zinatuhusu nini? Tunajibu kwamba Ugogo una kumbukumbu iliyo karibu nazo kuliko tunavyopenda kukiri.

Kati ya mwaka 1917 na 1920 nchi hii ilipata njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Haikuwa kazi ya jua peke yake. Katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua ilipokosekana, ghala zilikuwa tupu na mikono ya kulima ilikuwa michache. Homa kali ya mafua ya mwaka 1918 ikaongeza vifo. Inakadiriwa kwamba watu 30,000 walikufa kati ya 150,000 waliokaa katika nchi hiyo. Katika dhiki hiyo, zipo familia zilizowatoa watoto na mabinti kwa wenye chakula ili pande zote mbili zipate kuishi.

Hatuwahukumu. Aliyeshiba hana haki ya kumhukumu mwenye njaa. Lakini binti aliyetolewa kwa ajili ya nafaka na Wanjiru aliyetolewa kwa mbuzi ni ndugu. Na kama mmoja wa wajukuu wake angeandika leo kwamba bibi huyo alimpenda tangu siku ya kwanza yule aliyempokea, tungependa kwanza kumwuliza bibi mwenyewe.

Mathias Mnyampala, mshairi mashuhuri wa Dodoma, alizaliwa mwaka 1917, mwaka ule ule Mtunya ulipoanza, akafariki mwaka 1969. Mwaka 1954 alichapisha kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo, na mwaka 1961 *Kisa cha Mrina Asali na Wenzake Wawili*. Mtu huyo anatufundisha kwamba mwana wa nyanda hizi aweza kusimulia ya wazee wake kwa Kiswahili fasaha, kwa heshima. Kazi hiyo haijakwisha. Zamani za mvua na njaa za hapa zinangoja waandishi, na ni afadhali wawe ni vijana wanaojua bibi zao waliteseka kwa nini.

Wala mambo haya hayakuishia na Mtunya. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na hata miaka 14 kwa idhini ya mahakama. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo mwaka 2019. Majaji wamekwisha kusema. Mimbari zetu je?

UPENDO ULIOSHUKA

Anders Nygren, askofu wa Kilutheri wa Uswidi na rais wa kwanza wa Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni lililoundwa mwaka 1947, alijulikana kwa kitabu chake kuhusu *eros* na *agape*. Kwa Nygren, *eros* ni upendo unaotamani na kujitafutia kilicho chema. *Agape* ni upendo unaoshuka na kujitoa bila kuangalia ustahili wa anayependwa. Wengi wamemkosoa kwa kuzitenga mno, nasi tunaona kwamba Wimbo Ulio Bora na kitabu cha Hosea haviruhusu ukuta mrefu namna hiyo. Ni kweli hata hivyo kwamba waandishi wa Agano Jipya hawakulitumia neno *eros* hata mara moja.

Tukizirudia hadithi zetu kwa kipimo hicho, tunaona kwamba Hades alipanda juu ili achukue. Shujaa wa Wanjiru alishuka chini ili arudishe. Wote wawili huitwa wapenzi, na wote wawili wanahusika na kuzimu, lakini njia zao zinapishana. Mkristo anayeikiri Imani ya Mitume anajua ni ipi kati ya njia hizo iliyo njia ya Bwana wake. Wakristo wa kwanza walithubutu kumchora Kristo kwa sura ya Orpheus katika makaburi ya chini ya ardhi kule Rumi, kwa kuwa walimwona ndani yake yule ambaye Orpheus hakuweza kuwa. Tunaamini kwamba Mkristo wa Afrika Mashariki anayo ruhusa ile ile ya kumtazama shujaa wa Wanjiru na kusema kwamba kivuli hiki nakifahamu. Kivuli tu, bila shaka. Shujaa yule alishuka kwa ajili ya mmoja aliyempenda. Kristo alishuka kwa ajili ya adui zake, na katika Ufunuo sura ya 1 anatangaza kwamba yeye ndiye mwenye funguo za kuzimu.

HITIMISHO

Turudi kwenye darasa letu. Siku ile tulikuwa na haraka, tukamwambia binti yule kwamba hizo ni hadithi za kipagani, tukaendelea na kifungu kilichofuata. Tulikosea. Alikuwa ametufungulia mlango, nasi tukaufunga.

Juma lililofuata tuliomba radhi. Tuliwasimulia wanafunzi habari ya Persephone kama ilivyokuwa mwanzo, pamoja na kilio chake na mama aliyemtafuta. Kisha tukawasimulia Wanjiru. Tuliwauliza swali ambalo tungependa kila mchungaji na kila mwanafunzi wa theolojia alichukue anapokutana na hadithi ya namna hii: je, aliyechukuliwa ameulizwa? Kama hadithi imemuuliza na kulisikia jibu lake, isomwe kwa furaha, hata ikiwa imetoka Olimpo. Kama imemjibia, tujue kwamba Cyane ameyeyuka tena chemchemini, na ni juu yetu kusema alilotaka kusema.

Binti yule alikaa kimya kwa muda mrefu. Mwisho aliuliza kama mama yake Wanjiru naye alipokea mbuzi. Tulimwambia ndiyo, kila ndugu alipokea. Akasema, "Basi yule kijana alifanya vema kumficha kwanza." Kisha tukafungua tena Katekisimo, tukayasoma pamoja maneno yale ya Imani, na safari hii hatukuyapita kwa haraka.